Kwa Nini Mwenyeji wa Cornwall Hawezi Kununua Nyumba Kwao

Cornwall iko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, pale nchi kavu inapokwisha na Atlantiki kuanza. Sensa ya 2021 iliwahesabu huko wakazi wapatao 570,000, wengi wao wakiishi katika miji midogo ya pwani na vijiji vilivyotawanyika katikati ya malisho ya ng'ombe. Ni mkoa uliolelewa na kazi ngumu: kuchimba bati na shaba, kuvua samaki, kulima na kufuga. South Crofty, mgodi wa mwisho wa bati uliokuwa ukifanya kazi, ulifungwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya uliiweka Cornwall katika kundi la maeneo yanayostahili ngazi ya juu kabisa ya misaada yake ya maendeleo, kwa sababu pato la kila mkazi lilikuwa chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja huo. Mahali penye kipato kidogo namna hiyo, mtu angetarajia nyumba nazo ziwe za bei nafuu. Sivyo ilivyo. Nyumba ya kawaida Cornwall inauzwa kwa zaidi ya pauni 250,000, na katika vijiji vya ufukweni kama Rock, nyumba ya zaidi ya pauni milioni moja si habari ya kuandikwa gazetini.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba bei hiyo haipimi ubora wa maisha ya mtu anayeishi kijijini mwaka mzima. Inachopima ni uhaba uliowekwa na sheria, na uwezo wa watu wa nje kuununua uhaba huo kwa fedha walizochuma kwingine. Serikali za Uingereza, moja baada ya nyingine, zimejaribu kuliponya tatizo kwa kuahidi nyumba nyingi zaidi, au kwa kuwatoza kodi wenye nyumba za mapumziko. Hatua zote mbili zina mantiki yake, na nitazipa haki yake. Lakini hakuna hata moja itakayomrudisha mwenyeji nyumbani kama sehemu ya nyumba haitaondolewa kabisa kwenye soko huria na kuzuiwa kurudi huko.

Tuanze na hesabu. Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa. Mpishi, mhudumu wa hoteli, muuza duka au mlezi wa wazee anayefanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki, mwaka mzima, kwa kiwango hicho atapata karibu pauni 23,800 kabla ya makato. Benki za Uingereza kwa kawaida hukopesha takriban mara nne na nusu ya mshahara, kwa hiyo huyu atakopeshwa kama pauni 107,000. Mke na mume wenye kazi za aina hiyo wakiunganisha mishahara wanafika pauni 214,000. Bado hawajaifikia nyumba ya kawaida ya Cornwall, achilia mbali nyumba ya ufukweni, na hapo hatujazungumzia fedha za malipo ya awali ambazo lazima wazitoe mfukoni. Tena hesabu hii inamchukulia mfanyakazi mwenye bahati, mwenye saa zake kamili Januari hadi Desemba. Kazi nyingi za Cornwall zinategemea utalii: Agosti mtu hana muda wa kukaa, Novemba hana saa za kufanya kazi, na afisa mikopo akiona hati za mshahara zinapanda na kushuka, anasita. Ni kweli kwamba tatizo ni la nchi nzima. Takwimu rasmi zinaonyesha kwamba mwaka 1997 nyumba ya kati kwa bei Uingereza iligharimu mara tatu na nusu ya mshahara wa kati. Mwaka 2021 ilikuwa mara tisa, na mwaka 2024 bado ilikuwa karibu mara nane. Tofauti ya Cornwall ni kwamba mshahara unapangwa na uchumi wa hapohapo, ilhali bei ya nyumba inapangwa na uchumi wa London.

Sasa, je, bei hiyo inanunua maisha gani? Watu wanaoijua Uingereza kwa picha za kalenda huona kuta za mawe, maua dirishani na bahari ya buluu. Mkazi wa kudumu anaona pia tangi la mafuta nyuma ya nyumba. Vijiji vingi havikufikiwa na mabomba ya gesi, kwa hiyo nyumba hupashwa joto kwa mafuta ya taa yanayoletwa na lori, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari moja. Familia ya mjini hulipa bili ya gesi mwezi hadi mwezi. Familia ya kijijini inatakiwa iwe na mamia ya pauni kwa mkupuo, tena mwanzoni mwa baridi, wakati kazi za msimu zimekwisha. Ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, msimamizi wa nishati, unahusu umeme na gesi ya bomba. Mafuta hayamo. Nazo kuta za mawe zinazopendeza machoni ni nene lakini hazina nafasi katikati ya kujazwa vizuia baridi, kwa hiyo joto lililonunuliwa kwa shida hupotea, unyevunyevu huingia, na ukungu mweusi hutambaa nyuma ya makabati. Maji nayo si ya bei rahisi. Tangu mashirika ya maji yalipobinafsishwa mwaka 1989, wateja wachache wa kusini-magharibi wamebeba gharama za kusafisha ukanda mrefu wa fukwe zinazotumiwa na taifa zima, hadi ikabidi serikali, kuanzia 2013, ipunguze bili ya kila kaya kwa pauni 50 kwa mwaka.

Kisha kuna usafiri. Sheria ya mwaka 1985 iliyaachia makampuni binafsi mabasi yote nje ya London, na tangu 1986 njia isiyo na faida huendelea tu ikiwa halmashauri inaweza kuilipia ruzuku. Halmashauri zilipobanwa bajeti, mabasi ya vijijini yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Hospitali kuu ya Cornwall iko Truro. Kutoka mji wa pwani wa St Ives ni safari ya kama kilomita 40. Asiye na gari anapanga siku nzima kwa ajili ya miadi ya nusu saa. Kwa hiyo gari kijijini ni gharama ya lazima, na mara nyingi ni magari mawili kwa nyumba moja, kwa sababu mume na mke hawafanyi kazi upande mmoja wala zamu moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika soko la kawaida huduma zikizorota, bei hushuka, kwa sababu mnunuzi anazihitaji huduma hizo. Shule ikifungwa, basi likiondolewa, daktari akihama, nyumba ingepaswa kupoteza thamani. Kwenye pwani ya Cornwall haipotezi, maana mnunuzi anayeamua bei hazitumii. Anakuja Julai, na gari lake, watoto wake wakisoma kwingine, wakati hakuna haja ya kujaza tangi la mafuta. Anachokitaka ni mandhari, bahari na ukimya, na vyote vipo bure mlangoni. Watu wawili wanashindania nyumba moja, lakini kila mmoja ananunua kitu tofauti: mmoja anatafuta mahali pa kuishi na mwingine mahali pa kupumzika. Yule wa kupumzika ana fedha zaidi, na kuporomoka kwa huduma hakumuumizi. Matokeo yake ni kwamba kijiji kinaweza kupanda bei mwaka uleule kinapopoteza shule yake. Asiyeiona tofauti hii ataendelea kuamini kwamba bei kubwa ni dalili ya kijiji kinachostawi.

Uhaba wenyewe umetengenezwa na watu, na una tarehe yake. Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1947 ilichukua haki ya kuendeleza ardhi kutoka kwa mwenye ardhi na kuikabidhi kwa mamlaka za serikali. Tangu hapo shamba lako ni lako kulima, si lako kujenga, mpaka upewe kibali. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa na maeneo ya uzuri wa asili, na sehemu kubwa ya pwani ya Cornwall iliwekwa chini ya ulinzi huo baadaye. Siwabezi waliotunga sheria hizi. Kabla ya vita kuu ya pili nyumba zilikuwa zikijipanga kando ya kila barabara kuu bila mpango, na bila ulinzi huo fukwe ambazo leo watu huvuka nchi kuziona zingekuwa zimezibwa na mahoteli. Lakini sheria iliyolinda mandhari haikuweka kifungu cha kuwalinda watu waliokuwa wakiishi ndani yake. Idadi ya nyumba ilifungwa, idadi ya wanaozitaka ikaachwa wazi. Leo hekta ya malisho inauzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni, na hekta hiyohiyo ikipata kibali cha nyumba inaweza kupita milioni moja. Udongo haukubadilika. Kilichoongezeka ni karatasi ya halmashauri.

Juu ya uhaba huo ukawekwa mfumo wa kodi unaomsukuma mwenye fedha kununua nyumba badala ya kumzuia. Kodi ya halmashauri, ambayo kila kaya hulipa, bado inakadiriwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Aprili 1991. Nyumba ya mvuvi iliyokuwa duni mwaka huo na leo inauzwa kwa nusu milioni inalipiwa kama nyumba duni. Kwa miaka mingi pia mwenye nyumba ya pili aliweza kutangaza kwamba inapangishwa kwa wageni siku 140 kwa mwaka, ikahamishiwa kwenye kodi ya majengo ya biashara, kisha akadai nafuu ya biashara ndogo na asilipe chochote. Mwanya huo ulizibwa kwa sehemu Aprili 2023, pale mmiliki alipotakiwa kuthibitisha kwamba nyumba imepangishwa kweli siku 70. Jingine lilikuwa baya zaidi, ingawa halikuzungumzwa sana. Kati ya 2017 na 2020 wenye nyumba wanaopangisha familia kwa mwaka mzima walipunguziwa haki ya kutoa riba ya mkopo kwenye hesabu ya kodi, lakini waliopangisha watalii waliachiwa haki hiyo hadi Aprili 2025. Kwa maneno mengine, kwa miaka kadhaa dola ilimpa mwenye nyumba sababu ya kumwondoa mpangaji wa kudumu na kumweka mtalii. Na kumwondoa hakukuwa kazi: kifungu cha 21 cha Sheria ya Nyumba ya 1988 kiliruhusu mpangaji apewe notisi ya miezi miwili bila kutajiwa kosa lolote. Bunge lilipitisha sheria ya kukifuta mwaka 2025. Familia zilizofukuzwa wakati wa janga la korona, watu wa miji mikubwa walipokimbilia pwani, riba ya Benki Kuu ikiwa asilimia 0.1 na ushuru wa stempu wa kununua nyumba umesamehewa hadi nyumba za nusu milioni, hazikurudishiwa nyumba zao.

Kulikuwa na ngao moja, nayo ilivunjwa na serikali yenyewe. Baada ya vita halmashauri zilijenga nyumba za kupangisha hata vijijini, kwa kawaida safu fupi ya nyumba pembeni mwa kijiji, na humo ndimo walimokaa vibarua wa mashamba, wahunzi na madereva wa mabasi. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, chini ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua kwa punguzo lililofika nusu ya bei. Karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa tangu hapo, na zilizojengwa kuziba pengo ni chache mno. Mtetezi wa sera hiyo atasema iliwapa mamilioni ya watu wa kipato cha chini mali ya kwanza katika ukoo wao, na anasema kweli; sioni haya kulikubali hilo. Kasoro yake ni kwamba faida ilimwendea mpangaji wa wakati ule mara moja, na hasara ikawaangukia wapangaji wote waliofuata. Katika maeneo ya vijijini yaliyotengwa, sheria iliruhusu sharti kwamba nyumba iliyonunuliwa hivyo iuzwe tena kwa mtu aliyeishi au kufanya kazi katika eneo hilo miaka mitatu. Sharti hilo lilihusu nani anunue, wala halikugusa bei. Mwenyeji tajiri alifaa, mwenyeji maskini alibaki pale alipokuwa.

St Ives ndiko matokeo ya haya yote yanakoonekana wazi. Mji huu ulikuwa wa wavuvi, kisha wa wachoraji, na tangu jumba la sanaa la Tate lifunguliwe huko mwaka 1993 umekuwa mmoja wa miji ya pwani inayotafutwa zaidi nchini. Katika vichochoro vya sehemu ya zamani, karibu na bandari, kando ya milango kumepigiliwa visanduku vidogo vya chuma vyenye namba za siri. Ndani mna ufunguo. Mgeni akifika anabonyeza namba alizotumiwa kwenye simu, anachukua ufunguo na kuingia bila kukutana na mtu. Nyumba ambazo zamani zilijaa nyavu na watoto sasa zinafuliwa mashuka Jumamosi asubuhi kati ya wageni wanaotoka na wanaoingia, na wafuaji wenyewe hulazimika kupanga mbali na mji, kisha wanatafuta pa kuegesha gari. Mwezi Januari madirisha mengi hayana taa. Duka la mboga haliwezi kuishi kwa wateja wa miezi minne, na likifunga, mzee aliyebaki anatembea mbali zaidi kutafuta maziwa.

Mei 2016 wakazi wa St Ives walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali mpango wa mji unaosema kwamba nyumba mpya zijengwe kwa sharti la kukaliwa kama makazi makuu ya mtu. Kampuni moja iliupinga mahakamani ikashindwa katika Mahakama Kuu mwaka huohuo. Miji mingine ilifuata njia hiyo, na huko Whitby, pwani ya kaskazini-mashariki, kura isiyo na nguvu ya kisheria ya Juni 2022 iliunga mkono wazo hilo kwa zaidi ya asilimia 90. Hapa wakosoaji wana hoja inayostahili kusikilizwa. Sharti linazihusu nyumba mpya peke yake, kwa hiyo mnunuzi wa likizo anageukia za zamani, ambazo ndizo nyingi na ndizo zilizo katikati ya mji, na kupandisha bei yake. Wajenzi nao wanapoona soko limepungua, wanapunguza kujenga. Uswisi ilitoa mfano mkubwa zaidi: mwaka 2012 wananchi wake walipiga kura kuzuia nyumba za pili zisizidi asilimia 20 katika kila wilaya, na utafiti wa wachumi Christian Hilber na Olivier Schöni ulionyesha kwamba katika maeneo ya utalii bei ya nyumba za wakazi ilishuka kwa kama asilimia 15, bei ya nyumba za pili zilizokuwepo ikapanda, na ukosefu wa ajira ukaongezeka. Nakubali somo hilo kwa sehemu. Marufuku peke yake huhamisha shinikizo kutoka nyumba moja hadi nyingine. Lakini tusisahau kilichosemwa katikati ya matokeo hayo: nyumba za wakazi zilikuwa nafuu zaidi. Kwa mwenye nyumba hiyo ni hasara. Kwa kijana anayelala chumbani kwa wazazi wake akiwa na miaka 30, hiyo ndiyo faida yenyewe.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la wachumi wanaosema: jengeni tu. Hilber huyohuyo, pamoja na Wouter Vermeulen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, alikadiria kwamba kama vikwazo vyote vya mipango vingeondolewa, nyumba ya wastani Uingereza mwaka 2008 ingegharimu pauni 147,000 badala ya 226,000. Si jambo dogo, na anayedai kwamba uhaba wa vibali hauhusiki na bei anajidanganya. Serikali iliyoingia madarakani Julai 2024 imeichukua hoja hiyo kwa uzito: imeahidi nyumba milioni moja na nusu katika miaka mitano, na fomula yake mpya inaitaka Cornwall peke yake ijenge zaidi ya nyumba 4,000 kwa mwaka. Lakini wastani wa nchi haumwambii mtu kitakachotokea ufukweni. Mahitaji ya nyumba za kuishi yana mwisho, kwa sababu familia huishi nyumba moja. Mahitaji ya nyumba za mapumziko katika kijiji kizuri karibu na bahari hayana mwisho unaoonekana, kwani yanatoka kwenye akiba za watu wa nchi nzima na hata za ng'ambo. Tuchukulie ujenzi ufanikiwe na bei ishuke kwa asilimia 10. Nyumba ya pauni 275,000 itakuwa 247,500, na yule mke na mume wa pauni 214,000 bado watakuwa nje. Na mjenzi hatajenga nyumba nyingi kiasi cha kuishusha bei sana. Huachia nyumba sokoni kwa mwendo unaolinda bei yake, na hilo si uovu, ndivyo biashara yake ilivyo. Nyumba zaidi zinahitajika. Swali lililobaki ni zipi, na kwa masharti gani.

Wapo pia wanaouliza kwa nini mtu awe na haki ya kuishi alikozaliwa. Watu huhama, mji wa Plymouth uko ng'ambo ya mto Tamar na nyumba zake ni rahisi zaidi. Swali ni la haki, na jibu langu halisimami juu ya damu wala ukoo. Linasimama juu ya kazi. Kijiji kinahitaji watu wa kukihudumia, na watu hao wanapaswa kulala mahali. Karibu robo ya wakazi wa vijijini Uingereza wana umri wa miaka 65 na zaidi, na idadi hiyo inaongezeka wastaafu wanapohamia huko. Nani atawaogesha, atawapa dawa, atawapigia gari la wagonjwa usiku? Nchi imelijibu swali hilo kwa kuagiza watu kutoka mbali. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, na Februari 2022 viza ya afya ilifunguliwa kwa walezi wa wazee, wengi wakatoka Afrika, kabla serikali haijaufunga mlango huo Julai 2025. Kwa hiyo msomaji wa Mombasa au Eldoret mwenye ndugu katika kazi hiyo anahusika na soko hili la nyumba moja kwa moja. Mlezi anayetumwa kuhudumia wazee wa nyumba kwa nyumba vijijini hukuta mambo matatu kwa pamoja: mshahara ulio karibu na kima cha chini, kazi isiyowezekana bila gari, na chumba cha kupanga kinachogombewa na watalii. Anayesema wasioweza kulipa wahame anapaswa pia aseme ni nani atakayebaki kufanya kazi.

Hoja kwamba wageni huleta fedha nayo ina ukweli, ila haitofautishi aina za wageni. Mtalii anayelala hotelini au kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na mwenyeji anatumia fedha kila wiki wala hamnyimi mtu makazi. Nyumba inayokaliwa wiki sita kwa mwaka inaleta kazi ya rangi, ya bustani na ya usafi, kisha inakaa imefungwa. Waliofaidika kweli ni wenyeji waliokuwa na nyumba tayari. Thamani ya mali yao imepanda bila jasho, na ndio hao mara nyingi hujaza mikutano ya baraza la kijiji kupinga nyumba mpya kwa jina la kulinda mandhari. Ni jambo la kusikitisha kwamba mgawanyiko mkubwa zaidi Cornwall leo hauko kati ya mwenyeji na mgeni tu. Uko kati ya mzazi mwenye hati ya nyumba na mtoto wake asiyeweza kuipata yake, na mzazi huyo mara nyingi anapiga kura dhidi ya mtoto bila kukusudia.

Dawa iliyo bora imekwisha kujaribiwa, tena katika kijiji ghali kuliko vingi. Parokia ya St Minver ndiyo yenye Rock na Polzeath. Huko wakazi waliunda shirika la kijamii la kumiliki ardhi, wakapata shamba kwa bei ya chini sana kuliko ya soko la viwanja, na kufikia 2008 familia 12 za hapo zilikuwa zimejenga nyumba zao, nyingine kwa mikono yao wenyewe. Sharti liliandikwa kwenye hati: nyumba ikiuzwa, leo au baada ya miaka 40, itauzwa kwa takriban theluthi moja tu ya bei ya soko, kwa mtu anayeishi au kufanya kazi pale. Linganisha na haki ya kununua ya 1980. Kule punguzo lilikwenda kwa mtu mmoja na kuisha. Hapa punguzo limefungwa ndani ya ardhi na kila anayefuata analipata. Njia hii inawezekana kwa sababu ya kanuni inayoruhusu kibali kutolewa pembeni mwa kijiji, kwenye ardhi ambayo vinginevyo isingepewa, kwa nyumba za bei nafuu. Mwenye shamba hana kibali kingine cha kutarajia, kwa hiyo anaweza kukubali bei ndogo. Ile thamani ambayo karatasi ya halmashauri huiumba inabaki kijijini badala ya kuingia mfukoni mwa mtu mmoja.

Atakayepinga atasema nyumba 12 si kitu mbele ya kaya maelfu zinazosubiri. Ni kweli, na mashirika ya namna hii huendeshwa na watu wa kujitolea ambao huchoka. Lakini udogo huo hautokani na wazo lenyewe. Unatokana na kukosa ardhi na mtaji wa kuanzia, na mtaji sasa upo. Kuanzia Aprili 2025 halmashauri za Uingereza zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili kodi ya halmashauri mara mbili, na Cornwall imeanza kufanya hivyo. Hakuna sheria inayozilazimisha halmashauri kuitumia nyongeza hiyo kwa makazi. Inaweza kuishia kuziba mapengo ya bajeti. Hapo ndipo wakazi wanapopaswa kusimama imara. Nyongeza hiyo yote itengwe kununua ardhi pembeni mwa vijiji na kuikabidhi kwa mashirika ya wakazi kwa masharti ya St Minver, na diwani atakayeipeleka kwingine aulizwe hadharani ni familia ngapi alizozinyima nyumba.